Shela imeungua, uso hauonekani: kutafuta kosa la mwanga kwenye picha za harusi

Kila Jumatatu vijana wanaonisaidia hufika dukani kwangu, mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na kadi zao za kumbukumbu. Tunafungua kompyuta, na swali huwa lile lile: "Kaka, hii imekuwaje?" Kamera nzuri, lenzi nzuri, ziwa lote liko nyuma, lakini bibi harusi katoka kijivu kama mtu aliyeshinda mashineni akisaga mahindi. Nimechoka kueleza kwa mdomo kila wiki, kwa hiyo naandika. Huna haja ya kusoma kuanzia juu. Tafuta picha yako inaumwa nini, soma hapo.

Kuna jambo moja tu nitakuomba ulibebe kabla hujaanza kutafuta. Jicho lako linaona kanzu iliyo juani na uso ulio kivulini kwa wakati mmoja, vyote vikiwa salama. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, haiwezi. Kila unapobonyeza kuna kitu unakiacha kiungue au kizame gizani. Ukiiachia kamera ichague, itachagua vibaya, maana haijui nani anaolewa. Mimi mpangilio wangu ni huu: ngozi ya uso kwanza, nakshi za shela pili, suti tatu, anga na ziwa mwisho. Wapo wanaoanza na anga na picha zao zinapendeza sana. Lakini wao waliamua kabla ya kubonyeza. Hukuwasikia wakiuliza Jumatatu imekuwaje.

Shela imetoka kijivu na nyuso zimezama

Huu ndio ugonjwa unaoletwa dukani kuliko yote. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kikiamini kwamba chochote unachokielekezea, ukikichanganya chote pamoja, ni kijivu cha wastani, kile cha kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukikionyesha shela iliyojaa fremu nzima, kinasema hapa mwanga umezidi, ngoja nipunguze. Kinapunguza mpaka nyeupe inakuwa kijivu, na uso, ambao tayari ulikuwa chini ya shela kwa stopu kadhaa (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake), unazama nao. Kamera mpya zenye kutambua sura zinajitahidi kidogo, lakini bado zinadanganyika shela ikiwa kubwa.

Utajuaje kuwa kosa ni hili? Fungua histogramu, ule mchoro wa kilima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Ukikuta kilima kimekaa katikati na upande wa kulia ni uwanja mtupu, wakati mbele yako kulikuwa na nguo nyeupe, basi ni kipimo kilichokudanganya. Usiitazame picha yenyewe kwenye kioo cha kamera. Juani kioo kinaonekana giza hata picha ikiwa sawa, ukumbini kinawaka kama taa hata picha ikiwa mbovu.

Dawa ya haraka ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Shela ikijaa fremu, panda stopu 1 hadi 1⅔. Ukigeukia wapambe sita wa kiume waliovaa suti nyeusi, ugonjwa unageuka pia: kamera inaongeza mwanga mpaka suti zinafubaa na mashati yanaungua, hivyo hapo shuka ⅔ hadi 1. Kwenye nikaha za Ujiji, ambako chumba kizima kimevaa kanzu nyeupe, usishuke hata kidogo. Hali ni ile ile ya shela, tena mara ishirini.

Dawa ya kudumu ni kuacha kukimbizana na kitufe hicho na kuhamia manyuo, yaani kila kitu unakipanga mwenyewe kwa mkono. Nina mbinu ya bure: kiganja cha mkono. Siku moja nyumbani pima kadi ya kijivu, kisha pima kiganja chako mahali hapo hapo, ujue kinazidi kadi kwa kiasi gani. Kiganja hakibadiliki kutoka harusi moja hadi nyingine. Ukifika eneo la picha unakinyoosha kwenye mwanga ule ule utakaowapiga maharusi, unapima, unaongeza mwanga kwa tofauti unayoijua, umemaliza. Nguo yoyote ikiingia kwenye fremu haikusumbui tena.

Shela imeungua, nakshi zote zimepotea

Kwanza hakikisha imeungua kweli. Washa ile tahadhari inayofanya sehemu zilizozidi mwanga zimetamete kwenye kioo. Ila ujue kwamba hata kama unapiga RAW, yaani faili ghafi ya sensa, kinachometameta ni hesabu ya JPEG ndogo, picha iliyokwisha kutengenezwa, iliyomo ndani ya faili, na RAW yenyewe mara nyingi ina akiba kidogo juu yake. Kadoa kadogo kanakometameta begani hakaui mtu. Kifua kizima kikimetameta, umepoteza, na hakuna programu itakayoufuma upya uzi ambao sensa haikuuona. Itakupa kijivu tupu mahali pa lesi.

Kama imeungua kweli, karibu kila mara sababu ni mojawapo ya hizi.

Umepima suti ya bwana harusi. Kipimo cha nukta, kile kinachopima sehemu moja ndogo tu ya fremu, kikitua kwenye suti nyeusi, kitamfurahisha bwana harusi na kumchoma mwenzake.

Au umewaweka chini ya mwembe. Miembe ya Ujiji ni mikubwa na kivuli chake ni kitamu, lakini ukitazama vizuri kina matundu. Jua linapenya kati ya majani na kudondosha madoa, na doa moja la jua kwenye shela lina mwanga wa stopu nyingi kuliko uso uliopo kivulini. Hapo ekspoja, yaani kiasi cha mwanga unaouruhusu kamerani, haikusaidii, sogeza watu. Wapeleke karibu na shina, ambako majani yamepandana, au kwenye baraza lenye paa. Baraza zuri ni lile ambalo mbele yake kuna sakafu au mchanga mweupe unaopigwa na jua: ule mchanga unarudisha mwanga chini ya kidevu na ndani ya macho, bure, bila kioo cha kurudishia mwanga.

Au bibi harusi yuko karibu na flashi kuliko mume wake. Hili linatatuliwa kwa miguu. Mwenye nguo nyeusi na ngozi nyeusi zaidi akae upande wa taa, mwenye shela akae upande wa mbali, kisha kichwa cha flashi kielekeze kidogo mbele yao ili ukingo wa mwanga ndio uguse shela. Nimeona watu wakihangaika na kompyuta saa mbili kwa jambo ambalo lingeisha kwa kuwaambia maharusi wabadilishane nafasi.

Na kuna suala la saa. Wengi wanadhani jua la utosi ni saa 6 mchana. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, hivyo kwetu jua hufika juu kabisa karibu na saa 7. Ndoa ikifungwa saa 5 na misa ikaisha saa 7, mnatoka kanisani wakati ule ule ambapo paji la uso linawaka, macho yamekuwa mashimo na mabega ya shela yanaungua. Usipange kupiga picha za maana mlangoni. Piga za furaha, matarumbeta na vigelegele, kisha wapeleke kivulini.

Uso umekuwa mweusi tii, ziwa linawaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna maharusi wa Kigoma wasiotaka picha ya machweo. Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu, jua linazama ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, na wote wanataka kusimama mbele yake: Bangwe, Katonga, popote penye mchanga. Maana yake unapiga picha ya watu ambao taa kubwa kuliko zote iko nyuma yao.

Tatizo la kwanza wala si la kamera, ni la ratiba. Mpiga picha akitoka Dar anapanga machweo saa 12 na nusu, kwa sababu huko ndivyo alivyozoea. Hapa jua huzama kama dakika 40 baadaye: kati ya saa 12:50 na saa 1:25, kutegemea mwezi, na Februari ndiyo linachelewa zaidi. Kwa hiyo anawasimamisha watu saa 12, jua likiwa bado kali, anaunguza, anakasirika, anaondoka kabla mwanga haujaanza kuwa mzuri. Kosa la upande wa pili ni kusubiri mno. Milima ya Kongo hulimeza jua dakika chache kabla ya muda ulioandikwa kwenye simu yako, na huku karibu na ikweta giza halibembelezi: likishazama, una dakika ishirini hivi za mwanga wa kufanyia kazi.

Sasa kamera. Ukipima anga, watu wanakuwa vivuli. Ukipima watu, anga linakuwa karatasi nyeupe na ziwa linapotea. Ungeweza kuwapigia nyuma ya ukuta wa shule, isingekuwa na tofauti. Huwezi kupata vyote kwa ekspoja peke yake. Chagua mojawapo ya njia tatu, na uichague kabla hujawapanga.

Njia ya kwanza: acha anga lipotee. Fungua tundu la lenzi, f/2 au f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa), pima uso, kubali nyuma kuwe na weupe wa dhahabu. Inapendeza sana miezi ya Agosti na Septemba, wakati mapori yanachomwa na moshi umetanda juu ya maji. Milima haionekani hata hivyo, na jua lenyewe limekuwa tufe jekundu laini unaloweza kulitazama. Kuna wanaonuna kwa sababu ya moshi ule. Mimi kwangu ni chujio ambalo sijalinunua.

Njia ya pili: acha watu wawe vivuli. Pima anga karibu na jua lakini si jua lenyewe, shuka stopu 1, halafu simamia maumbo. Kivuli hakina uso, kwa hiyo umbo lazima liseme: pengo la mwanga kati ya vichwa viwili, shela ikiwa imepepea pembeni, mikono isishikane mbele ya mwili. Wakikumbatiana kabisa utapata gunia lenye miguu minne.

Njia ya tatu: taa yako mwenyewe. Anza bila flashi, manyuo, tafuta ekspoja ya anga unalolitaka, tuseme ISO 100 (namba ya wepesi wa sensa kuupokea mwanga), shata 1/200 ya sekunde, na tundu lolote linalokupa rangi nzuri. Hilo sasa halibadiliki. Kisha washa flashi, iwe pembeni na si juu ya kamera, na uongeze nguvu yake mpaka uso ukae sawa. Uso umeongozwa na flashi, anga limeongozwa na shata; ni visu viwili, kila kimoja na nyama yake. Anga likianza kufifia, punguza kasi ya shata tu. Uso utabaki vile vile.

Kwenye njia hii ya tatu wengi huniletea picha iliyokatika: upande mmoja wa fremu una watu, upande mwingine ni utepe mweusi. Shata yako imekimbia kuliko flashi inavyoweza kufuata. Kamera nyingi kikomo chake ni 1/200 au 1/250. Juu ya hapo pazia la shata halifunguki lote kwa wakati mmoja, na flashi inapowaka inakuta nusu ya sensa imefunikwa. Ukiwasha hali ya usawazishaji wa kasi kubwa utepe unaondoka, lakini flashi inapoteza nguvu nyingi, na ile ndogo ya juu ya kamera inaweza isifue dafu mbele ya jua. Mimi natumia chujio jeusi la stopu 3 mbele ya lenzi. Mahali ambapo 1/200 ingenilazimisha f/11, chujio kinaniruhusu f/4, mandhari yanalainika na flashi haihemi.

Ukumbini: waliokaribu wamewaka, nyuma yao ni shimo

Flashi imefungwa juu ya kamera na inatazama mbele moja kwa moja. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: aliye mita 2 anapata mara nne ya yule wa mita 4, na mara kumi na sita ya yule wa mita 8. Ukimuweka bibi harusi sawa, kamati iliyokaa nyuma yake inazama, pamoja na mapambo yote ambayo familia imeyalipia. Kuongeza nguvu ya flashi hakusaidii chochote, kunaunguza wa mbele tu.

Unachotakiwa kufanya ni kuruhusu mwanga wa ukumbi wenyewe uingie. Shusha shata hadi 1/60 au 1/100, panda ISO hadi 1600 au 3200, f/2.8, halafu flashi iwe ndogo, ya kusafisha uso tu. Vijana wanaogopa ISO 3200 kama wanaogopa mbu. Wanapiga 800, uso unatoka giza, wanaupandisha kwenye kompyuta, na chembechembe zinazotokea hapo huwa mbaya kuliko zile walizokuwa wanazikimbia. Ngozi nyeusi iliyopigwa sawasawa kwa ISO 3200 ni safi. Iliyopandishwa kwa nguvu inakuwa na madoa ya kijani kwenye mashavu.

Kupiga flashi darini ili irudi laini ni jambo jema kama dari ni jipsamu nyeupe. Tazama juu kwanza. Kumbi zetu nyingi mpambaji ameshatandaza vitambaa vya zambarau au dhahabu, na kitambaa hakirudishi mwanga tu, kinarudisha na rangi yake. Nikaha za nyumbani ndizo zimenifunza hili: ukuta wenye rangi ya mafuta ya kijani, chumba kidogo, ukielekeza flashi ukutani kadhi na bwana harusi wote wanatoka kama wanaumwa nyongo. Mahali pa hivyo taa moja kwenye stendi, yenye mwavuli mweupe, ikiwa kona ya chumba, inamaliza kesi. Au dirisha, kama lipo.

Mistari ya giza inapita kwenye picha, au picha moja ina mwanga na inayofuata haina

Hii ni taa, si kamera kufa. Umeme wetu ni wa 50Hz, hivyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inaona, maana inachota kipande cha mpepeso mmoja tu, wakati mwingine kikiwa kimewaka, wakati mwingine kikiwa kimezima. Rudi 1/100 au 1/50 ili kila picha ipate mipepeso mizima. Umeme ukikatika na jenereta ikachukua nafasi, mapigo yake yanaweza kuyumba. Hapo 1/50 ni salama zaidi.

Ukiwa unatumia shata ya kimya ya kielektroniki, izime. Inasoma sensa mstari kwa mstari, na ndiyo maana mpepeso unajiandika kama mistari. Najua ni nzuri kanisani wakati wa kula kiapo. Ibakize huko, kwenye mwanga wa madirisha.

Nyuso za zambarau

Mwanga wa taa za mapambo za LED ukiwa wa rangi moja kali, sensa inajaza rangi hiyo peke yake na nyingine zinabaki tupu. Histogramu ya kawaida inaweza kukuonyesha mambo ni shwari. Fungua ile yenye nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, utaona moja imegonga ukuta. Ukijaribu kurekebisha mizani ya rangi baadaye, hakuna cha kurekebisha, kwa sababu kijani cha kutengenezea ngozi hakikurekodiwa.

Kwa hiyo dawa iko kabla ya kupiga, tena ni ya mdomo. Mapema, kabla wageni hawajajaa, namwendea mpambaji au mtu wa taa: "Dada, naomba unipe taa nyeupe wakati wa keki na wakati wazazi wanalishwa. Baada ya hapo washa disko lako lote." Sijawahi kunyimwa. Ambaye hunyimwa ni yule anayekwenda kuomba katikati ya shughuli huku MC anapiga kelele. Dansi ya mwisho acha iwe ya zambarau. Ni ya zambarau kweli, na picha ikiigeuza nyeupe itakuwa inasema uongo kuhusu usiku ule. Iliyoharibika kabisa igeuze nyeusi na nyeupe. Hiyo ni nusu dawa, nusu kujificha, lakini inasaidia.

Uso mweupe, shingo yake mwenyewe

Bibi harusi alitoka saluni anapendeza, kila mtu kashuhudia. Kwenye picha za flashi uso umekuwa kama umepakwa unga. Usiguse ekspoja. Baadhi ya poda na foundesheni zina silika au madini ya kuzuia jua, na hivyo hurudisha flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa macho na kwenye mwanga wa dirisha hutaona kitu. Jaribu kabla hajatoka saluni: zima taa, mpige kwa simu yenye flashi, hatua mbili mbali. Ikitokea, aliyempamba bado ana muda wa kubadilisha poda. Ukigundua ukumbini, ondoa flashi kwenye kamera, iweke pembeni sana, na ugonjwa utapungua.

Ngozi imekuwa majivu, au imekuwa chungwa

Kama picha ilikuwa nzuri kwenye kamera na imeharibika kwenye kompyuta, mshukiwa wa kwanza ni priseti uliyoinunua, ule mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari. Nyingi za zile za mtindo mweupe mweupe, wa mawingu na maziwa, zilitengenezwa juu ya ngozi nyeupe kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Zinapandisha mwanga wa rangi ya chungwa, kwa sababu ngozi ya binadamu wote, mweusi na mweupe, hukaa kwenye chungwa. Ngozi yetu ikiinuliwa hivyo inapoteza uzito na mng'ao, inabaki majivu. Zile za mtindo wa giza nazo hukandamiza vivuli, na nywele, suti na shavu vinakuwa kitu kimoja.

Jambo hili si geni. Kwa miaka mingi maabara za filamu ya rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Sura nyeusi ikipita kwenye mashine iliyosawazishwa hivyo ilitoka vyovyote itakavyotoka. Priseti yako inaweza kuwa inarudia habari ile ile.

Ngozi nyeusi haiombi iangazwe mpaka ififie. Inaomba taa kubwa ya kujitazama. Dirisha pana, ukuta mweupe unaopigwa na jua, mwavuli: chanzo kikubwa kikikaa pembeni huacha mstari mrefu laini wa mng'ao kwenye shavu na paji, na mng'ao huo ndio unaochora umbo la uso. Ndiyo maana picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake 1948 na kupiga wateja wake uani kwa mwanga wa jua, bado zinafundisha: nyuso ni nyeusi kweli kweli, na kila mfupa unausoma. Kabla ya kununua taa ya tatu, tafuta ua wenye kivuli.

Nimewahi kuambiwa na mama mmoja, kwa upole, huku akifunga albamu: "Baba, umempiga vizuri, lakini huyu umemng'arisha. Mwanangu mimi ni mweusi, na mumewe kamwoa mweusi." Tangu siku ile, kitelezi cha chungwa hakipandi dukani kwangu bila mtu kuniuliza.

Picha mbili za dakika moja hazifanani

ISO iko otomatiki, au mizani ya rangi iko otomatiki, au vyote. Bibi harusi akigeuka, shela inaingia kwenye fremu zaidi, kamera inabadili mawazo. Weka manyuo, na mizani ya rangi ya namba maalumu kwa kila eneo. Hata kama namba hiyo si kamili, picha zote zitakosea kwa pamoja na utazirekebisha zote kwa mara moja.

Kwenye simu safi, kwenye albamu giza

Kioo cha kompyuta yako kinawaka mno. Kipunguze mwanga mpaka karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni yake ionekane na mwanga unaolingana nacho, kisha chapisha picha tatu ndogo za majaribio kabla ya albamu nzima. Kama rangi kwenye simu za wateja zimefifia tu bila kuwa giza, angalia kama ulihifadhi kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi ambao simu nyingi haziusomi vizuri. Toa kwa sRGB, ule wa kawaida wa simu.

Hakuna kosa, lakini hawakuipenda

Hili ndilo gumu, kwa sababu histogramu haina jibu lake. Nilipiga kivuli cha maharusi Katonga, jua katikati ya nyuso zao, kamba ya mtumbwi mbele. Nadhani ni kati ya picha tano bora nilizowahi kupiga. Maharusi waliipenda, wakaichapisha kubwa, ikapelekwa nyumbani kwa baba wa bibi harusi ikatundikwe sebuleni. Mzee akaniita.

"Kijana wangu, huyu ni nani?"

"Ni binti yako, mzee."

Akaisogelea, akarudi nyuma. "Yupi?"

Ekspoja ilikuwa kama nilivyotaka. Sikuwa nimeuliza picha inakwenda ukuta gani. Wazee wanataka uso, kila uso, hata wa shangazi aliyesimama pembeni; vijana wanataka hisia. Siku hizi tunapokaa na familia kabla ya harusi, siwaonyeshi picha nzuri tu. Naweka mbili za maharusi wale wale mahali pale pale, moja ya giza na moja ya mwanga, na natazama nani ananyoosha kidole wapi. Mara nyingi mama na binti hunyoosha tofauti. Basi nazipiga zote mbili, na mpangilio ni muhimu: ya wazee kwanza, kwa flashi, jua likiwa bado vidole viwili juu ya milima, kila mtu akiwa hajachoka na poda haijayeyuka. Kivuli kinaweza kungoja. Hakihitaji flashi, hakihitaji tabasamu, na dakika ile ambayo jua limeshagusa mlima na wageni wameanza kurudi kwenye magari, ufukwe unakuwa mtupu.